Dada yangu anacheka na kila mtu ila roho yangu haitulii, nyie mlijuaje kwamba mtu wenu hayuko sawa?

kaka_wa_ziwani

Habari zenu wakuu. Miaka yote mi nasoma tu humu na kupita, leo naandika mara ya kwanza so mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nina dada yangu mkubwa yuko Dar, mimi niko Mwanza. Tumezaliwa wanne, mzee alifariki 2011 na tangu hapo dada ndo baba yetu. Mama yupo ila ana sukari na presha, dawa zake ni dada, ada ya mdogo wetu wa mwisho ni dada, hata mimi chuo kanisomesha yeye. Ni mhasibu kwenye kampuni moja, ana watoto wawili, shemeji anaendesha malori ya Lubumbashi kwa hiyo wiki tatu nne hayupo nyumbani. Ukimwona huwezi kusema ana tatizo lolote. Kwenye grupu la familia ndo wa kwanza kuamka, anatuma neno la asubuhi na vichekesho, msiba ukitokea yeye ndo anashika daftari la michango, harusi yeye ndo kamati. Yaani mtu akikwama kwenye ukoo wetu anaambiwa mpigie dada.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa Dar kikazi nikalala kwake siku sita. Siku ya kwanza jioni nikasikia gari limeingia, injini ikazimwa, nikasubiri mlango ufunguliwe wapi. Nikachungulia dirishani namwona amekaa tu, mikono kwenye usukani, simu hajashika, redio hajawasha. Dakika kama arobaini hivi. Alafu akashuka akaingia ndani anacheka, anauliza watoto wamekula nini, ananitania kuhusu kitambi. Nikasema labda alikuwa anaomba. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Usiku saa tisa nikaamka kunywa maji nikamkuta jikoni anapanga vyombo ambavyo vilishapangwa. Chakula anapika kizuri kabisa ila yeye hali, anasema nimeonja onja jikoni nimeshiba. Na jumapili ndo iliniuma zaidi, dada yangu huyu anaimba kwaya tangu tuko watoto, sauti ya kwanza, nilipomwona amekaa benchi la nyuma nikamuuliza akasema sauti imekauka mdogo wangu nimewaachia vijana. Sauti haijakauka, nilimsikia mwenyewe akiongea na simu siku nzima.

Nimemuuliza mara mbili kama yuko sawa. "Uchovu tu, nani asiyechoka Dar hii." Mke wangu anasema nakuza mambo, mtu anaenda kazini kila siku, bili zote analipa kwa wakati, tena juzi kapandishwa cheo. Kwa hiyo swali langu, hivi mtu mwenye sonona, yaani depression, anaweza kweli kupandishwa cheo? Au ndo uchovu wa maisha tu na mimi namtafutia ugonjwa?

mwalimu_dom

Anaweza. Mimi mwaka 2019 darasa langu la form four lilifanya vizuri kuliko miaka yote niliyofundisha, na ule ndo mwaka nilikuwa naamka kila siku natamani kusingekucha.

Ndugu yangu wacha nikueleze inavyokuwa kwa ndani maana watu wa nje hawaijui. Sio kwamba unalia. Mimi sikulia hata siku moja. Ni kwamba vitu vinakuwa havina ladha, chai haina ladha, mtoto wako anakukimbilia getini unamnyanyua na mikono inajua cha kufanya ila ndani hakuna kitu, halafu unajichukia kwanini hakuna kitu. Kazi nilikuwa nafanya kama mashine ya kusaga, ukiiwasha inasaga. Tena kazi ndo ilikuwa afadhali maana pale kuna kengele, kengele ikilia unajua uende wapi. Ukirudi home hakuna kengele. Hiyo ya dada yako kukaa kwenye gari mi naielewa kabisa, kati ya mwanamke wa ofisini na mama wa nyumbani kuna nafasi moja tu ambayo hakuna mtu anamtegemea awe mtu fulani, ni pale kwenye kiti cha gari.

Hospitali nilienda mara nyingi sana lakini sikusema nina huzuni, nilisema kichwa. Kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, tumbo. Nikapimwa malaria, nikapimwa typhoid, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, narudi tena baada ya mwezi. Na sikuwa nadanganya, kichwa kilikuwa kinauma kweli.

Unajua nani alinigundua? Sio mke wangu maana mke nilikuwa namwigizia vizuri sana. Ni mwalimu mwenzangu wa jiografia. Mimi ni Yanga damu, yeye Simba, tumebishana ofisini miaka saba. Siku moja Simba wameshinda kaingia kanichokoza, mi nikamwambia hongereni. Akachokoza tena wiki iliyofuata, nikamwambia hongereni. Mara ya tatu hakuchokoza, alifunga mlango wa ofisi akaniuliza "mwalimu, umeacha lini kubishana?" Sikuwa na jibu. Nilikaa pale nikaona kweli sikumbuki ni lini.

Kwa hiyo we umeshaona. Kwaya ndo Yanga ya dada yako. Usimsikilize anayesema unakuza.

neema_tele

Kaka pole, ila mimi nasema ukweli kutoka moyoni, mpelekeni kwenye maombi. Haya magonjwa ya sonona yamekuja juzi juzi kwenye simu, bibi zetu walizaa kumi wakalima na hawakuwa na sonona. Mtu kuacha kwaya ghafla ni vita ya kiroho kabisa. Afunge siku tatu na watu wa kusimama naye, Mungu atamfungua, nimeona kwa macho yangu.

nesi_wa_kliniki

Mimi ni muuguzi, kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, mwaka wa kumi na mbili sasa. Wacha nianze na dada Neema kwa heshima kabisa. Maombi mwache ayapate, wagonjwa wangu wengi wanasali na inawashika, mimi mwenyewe nasali. Ila hiyo ya kusema yamekuja juzi hapana dada. Bibi zetu walikuwa nayo, jina ndo lilikuwa lingine, walisema "ana mawazo", walisema "kakonda kwa fikra", walisema moyo umekufa ganzi. Wazimbabwe wana neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na kule Harare tangu 2006 daktari mmoja anaitwa Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kufungisisa, na ilipopimwa kitaalam matokeo yakatoka 2016, waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Waganda wa huku Masaka na Rakai wanasema okwekyawa, kujichukia. Ugonjwa wenye jina la Kishona na la Kiganda hauwezi kuwa wa kwenye simu. Na kumfungisha siku tatu mtu ambaye tayari hali wala halali, hapo naomba msifanye.

Kaka wa ziwani sasa nirudi kwako. Tunachoangalia kliniki ni mabadiliko yaliyokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Kuna karatasi ina maswali tisa tunaitumia, ya kwanza kabisa haiulizi kulia, inauliza kama umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda. Ndo kwaya hiyo. Inauliza usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona umeshindwa, na la tisa linauliza kama unawaza heri ufe au ujidhuru. Kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ikifika 10 tunakaa chini kuongea vizuri, na hilo la tisa mtu akijibu chochote tofauti na sifuri hatumruhusu kuondoka kabla hatujamsikiliza, hata kama mengine yote ni sifuri. Watu kama dada yako wakija huwa wamevaa vizuri, viatu vimepigwa dawa, wanaomba radhi kwa kunipotezea muda wangu. Hao ndo tunawakosa. Wanaweza kuwa hivyo miaka miwili mitatu, kwenye ukoo wanaitwa jasiri.

Aende apimwe na mwili pia, damu ikipungua au tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri mtu anaweza kuonekana hivyo hivyo.

Swali moja kaka, na nijibu upesi ukiliona. Kuna kitu chochote amekigawa au amekukabidhi karibuni? Karatasi, kazi, vitu vyake anavyovipenda, maagizo?

kaka_wa_ziwani

Nesi nimesoma swali lako nikaishiwa nguvu.

Siku naondoka alinisindikiza mpaka Ubungo, tumefika akaniambia hati ya kiwanja cha Kisesa iko kwenye bahasha ya kaki kabatini kwangu, chini ya mashuka, we ndo ujue. Nikamwambia sawa. Mi nilidhani ni mambo ya kujipanga tu. Na kikoba alikuwa mweka hazina miaka mitano, kakabidhi mwezi wa saba. Cherehani yake ya mama, ile hata sisi hatukuruhusiwa kuigusa, nimeambiwa na mtoto wake kapewa jirani.

Nifanyeje? Nampigiaje simu mtu nimwambie hivyo? Nikimuuliza kuhusu kujidhuru si ndo nitampa wazo ambalo hana?

nesi_wa_kliniki

Humpi. Hili nalisema kwa uhakika wote nilionao, kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo, ambaye hana atakwambia hapana na atashangaa, ambaye analo mara nyingi anashusha pumzi maana amelibeba peke yake. Sisemi kwamba dada yako analo. Ila ulichoandika hapo juu hakisubiri likizo.

Mpigie shemeji sasa hivi ajue. Tafuta mtu mmoja mzima anayeaminika wa kulala kwake usiku wa leo, kwa kisingizio chochote. Dawa nyingi zisikae mahali anapozifikia peke yake, za mama, za watoto, za panya, zote. Na wewe nenda, ukiweza kesho. Ukifika usianze na "uko sawa?", hilo analo jibu tayari, ameshalijibu mara elfu. Mwambie ulichokiona wewe kwa macho. Dada niliona unakaa kwenye gari. Dada nimesikia cherehani ya mama umeitoa. Alafu nyamaza. Nyamaza kabisa hata kama ni dakika tano. Kisha muulize wazi, "dada, kuna wakati unawaza heri ufe?" kwa lugha mnayoongea nyumbani, kama ni Kisukuma uliza kwa Kisukuma. Akisema ndiyo, usimhubirie kuhusu watoto, anawajua watoto wake na anajiona ni mzigo kwao. Usimkemee. Usimwahidi siri. Mwambie asante kwa kuniambia, tunaenda wote hospitali, nakaa na wewe. Hospitali ya mkoa yoyote ya Dar itampokea, Muhimbili wana idara kamili. Na akikwambia ana mpango wa leo leo, usisubiri asubuhi, mpeleke emajensi.

Watu wanaogopa kusema kwa sababu ya sheria, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kuwa na mawazo na kuyasema kwa mtu sio kosa. Aseme.

jirani_mwema

Msikilize nesi. Ofisini kwetu alikuwepo kijana mmoja, wiki ya mwisho alikuwa ametulia kuliko tulivyowahi kumwona, katoa madeni yote, kanunulia watu soda. Tulisema afadhali sasa karudi yule wa zamani. Alhamisi tumekunywa nae soda, jumamosi tumezika. Miaka sita sasa. Nenda kaka.

mama_wa_nakuru

Ndugu yangu pole sana, nimesoma huku nikilia. Mimi ni wa Kenya lakini hii ni ile ile. Huku kwetu tunaambiwa jikaze. Jikaze kwa matanga, jikaze mumeo akifutwa, jikaze. Nilijikaza baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili mpaka nikawa naongoza chama na kikundi cha kanisa na ninauza mitumba na mtoto mgongoni, kila mtu ananisifu, na jioni nikimwogesha mtoto naogopa mikono yangu mwenyewe. Sikuwa nimeambia mtu. Nani angeamini?

Kilichonisaidia sio maneno. Ni shemeji yangu, dada ya mume wangu, alikuja Jumanne moja bila kupiga simu, akaketi jikoni akaanza kumenya viazi. Hakuniuliza kitu. Alikuja Alhamisi tena. Wiki ya pili nikamwambia nikiwa nimempa mgongo, naosha sufuria. Ningekuwa namtazama usoni singeweza. Kwa hivyo nakuambia ukiongea na yeye, ongea mkiwa mnafanya kitu. Kwa gari ni sawa kabisa, watu wawili kwa gari wote wanatazama mbele.

Na kwa wale wa Kenya wanaosoma, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, ni bure, unapiga unaongea na mtu. Na huku Mahakama Kuu mwezi wa kwanza 2025 ilisema kile kifungu cha 226 cha kushtaki mtu aliyejaribu kujiua kinaenda kinyume na katiba, kwa hivyo tusiendelee kuogopa.

Tuambie umefika.

kaka_wa_ziwani

Nimefika. Samahanini nimekaa kimya siku tisa.

Shemeji alikuwa Tunduma anasubiri kuvuka, alishusha funguo akampa mwenzake akapanda basi kurudi usiku ule ule, na mimi nilichangiwa nauli ya ndege na watu wa ofisini bila hata kuwaeleza yote. Mama mdogo wa Kimara alienda kulala pale, akasema bomba la kwake limepasuka.

Jioni nikamsubiri nje. Gari lilipoingia nikafungua mlango wa abiria nikakaa. Alishtuka, akacheka, "we mtoto umetokea wapi." Nikamwambia dada, nilikuona unakaa humu. Alafu nikanyamaza kama nesi alivyosema, na wakuu ile ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya maana alianza kuniuliza habari za mke wangu, za kazi, za bei ya sangara Mwanza, nikawa najibu kidogo na kunyamaza tena. Mama wa Nakuru ni kweli, tulikuwa tunatazama ukuta wote wawili. Giza likaingia. Ndo nikamuuliza lile swali, kwa Kisukuma.

Hakujibu muda mrefu. Alafu akasema, "nilikuwa nasubiri mdogo wetu amalize mitihani ya form six." Aliisema kama mtu anayekwambia ratiba ya kazi. Sikuweza kusema hata hiyo asante niliyofundishwa, nilimshika mkono tu.

Asubuhi tulienda wote watatu, yeye, mimi na shemeji. Dokta alimkalisha karibu saa nzima. Walitaka kumlaza, wakakubali arudi kwa sharti kwamba hakai peke yake na kila siku mbili anarudi kuonekana. Amepewa na mtu wa kuongea nae kila wiki. Kazini kapewa ruhusa ya ugonjwa, karatasi haijaandika ugonjwa gani.

Na sisi tumekaa kikao bila yeye. Nimeona aibu kubwa sana wakuu, tulipoandika kwenye karatasi anavyolipa mwezi mmoja tu, hata mimi ninayejiita msaidizi wake nilikuwa humo ndani, luku ya mama nilikuwa namwachia yeye. Dawa za mama sasa ni mimi, ada ni kaka yetu wa Shinyanga, michango ya ukoo mtu yeyote asimpigie. Nilimpelekea hiyo karatasi nikidhani atafurahi, akalia, akasema sasa mimi nabaki wa nini. Sikujua nijibu nini. Shemeji akamwambia ubaki wa kukaa.

Hajapona. Jana hakutoka kitandani mpaka saa nane mchana, na mama mdogo alitaka kumwamsha kwa nguvu tukamzuia. Lakini kwenye grupu la familia siku hizi hakuna neno la asubuhi, na nimewaambia watu wasiulize.

Nesi naomba unisaidie jambo moja. Vidonge vya sonona alivyopewa vya asubuhi, fluoxetine, leo siku ya nne, anasema kichefuchefu na haoni tofauti yoyote, anataka kuacha. Nimwambie nini?

nesi_wa_kliniki

Kaka umefanya kazi kubwa, nimesoma mara mbili.

Mwambie kichefuchefu kinajulikana, mara nyingi kinapungua ndani ya wiki moja au mbili, ameze akishakula hata kama ni uji kidogo. Nafuu haiji siku ya nne, inaanza kuonekana wiki ya pili mpaka ya nne, kwa wengine wiki sita, na mara nyingi ninyi mtaiona kabla yake yeye. Asiache mwenyewe, na akishapata nafuu pia asiache ghafla, dokta ndo atampunguzia baada ya miezi. Boksi la vidonge ashike shemeji, anampa cha siku tu. Wiki hizi za mwanzo muangalieni sana, akianza kuhangaika, kushindwa kukaa chini, kutolala kabisa, au yale mawazo yakiongezeka, msisubiri siku ya kliniki, rudini siku hiyo hiyo. Na hicho kichefuchefu akamwambie dokta kesho akienda, asione aibu kwamba analalamika. Umkumbushe wewe, maana yeye atasema yuko sawa.

kaka_wa_ziwani

Sawa nesi. Kesho zamu saa mbili, naingia nae.